Ndoo ya Ukumbini

Mimi ni Nyabenda, mshika funguo za ukumbi wa halmashauri, Kasulu.
Huu mwaka wa ishirini na mbili nafuta viti hivi.
Namjua diwani anayebandika bigijii chini ya meza,
namjua anayesinzia bajeti ikisomwa,
na anayetia soda ya pili mfukoni akisema ni ya mtoto.

Kulia, ukiingia, waliketi wenye Kinu.
Kumi na wanne, kumi na watano, mwaka mmoja kumi na wanane.
Kushoto wenye Ngazi,
wamebanana kama maharage kibabani,
na juu yao bati lenye tundu.

Mvua ikinyesha, tone liliangukia hoja za wachache.
“Mheshimiwa Mwenyekiti...” To!
“Naomba mwongozo wako...” To!
Kulia wakacheka kwa adabu.
Paa ni mwaka ujao, bajeti ikasema,
na mwaka ujao ulipofika ukasema vivyo hivyo.
Nikaleta ndoo yangu ya nyumbani, ile iliyokuwa ya rangi.

Oktoba hii kata ya Rugongwe ilihesabu mpaka chemli ikakauka,
wakamalizia kwa mwanga wa simu ya msimamizi.
Wakarudia. Wakarudia tena.
Kura tatu.
Matokeo yakabandikwa mlangoni mwa darasa la nne
kwa uji wa muhogo, maana gundi ilikwisha,
na asubuhi kuku walikuwa wameanza kuyadonoa pembeni.
Kumi na mmoja kwa kumi:
ukumbi ukageuzwa kama chapati.

Kura tatu! Usiku nazihesabu kitandani.
Moja labda ya bibi Baranyikwa, aliyefika na jembe begani,
akaambiwa aliache nje, akajibu:
likiibiwa mtanilipa nyinyi?
Moja labda ya Gwimo wa pikipiki,
aliyepiga kwa kuwa foleni ilikuwa fupi.
Ya tatu naijua mwenyewe, na sisemi.

Kikao cha kwanza, Desemba, mbingu nzito.
Hakuna kanuni inayosema mshindi akae kulia,
nimeifuta vumbi kanuni hiyo mara nyingi.
Lakini walihama,
na wenye Kinu wakavuka kwenda kushoto
wakitazama juu kama watu wanaoingia pango.
Mzee Ntawigaya, miaka kumi kwenye kiti kikubwa,
hakuwahi kuliona tundu.
Siku hiyo aliliona dakika ya nne.
Akasimama, bega limelowa: “Hoja ya dharura. Paa.”

Mwenyekiti mpya ni Mpozemenya,
ambaye karatasi zake nimezianika dirishani masika na masika.
Akakohoa kidogo.
“Mheshimiwa, bajeti hii tumeirithi. Tuvute subira. Mwaka ujao.”
Kulia wakacheka kwa adabu.

Kicheko kile nakijua. Kimehama koo tu.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Wasemao hivyo hawajashika tambara.
Mimi nayazoa, nayakamua, nayazoa,
na siku ile, nimepiga magoti kati ya viatu vya waheshimiwa,
ulimi ukanitoka:
Wenye Ngazi, ngazi yenyewe iko wapi?
Mtunza stoo akajibu kwa niaba yao:
zipo bendera mia mbili zenye picha yake.

Walipotoka kwenda kula, mmoja akabaki,
yule wa Rugongwe, wa kura tatu,
udongo mwekundu bado kwenye visigino.
Akatazama bati. Akatazama ndoo.
Akaniuliza ukuta una kimo gani.
Futi kumi na mbili, nikamwambia.
Akaandika kiganjani kwa kalamu ya halmashauri,
akaenda zake kunawa mikono, maana wali ulikuwa tayari.

Ndoo nimeiacha palepale.